Kubishania makala ya jiji kwenye Wikipedia, sentensi kwa sentensi

Makala ya jiji kwenye Wikipedia ina wenyewe wengi. Aliyezaliwa hapo anataka iseme mazuri, aliyehama kwa uchungu anataka iseme maovu, na ofisi ya utalii inataka isomeke kama kipeperushi. Mwanafunzi wa mbali yeye anainakili ilivyo. Ndiyo maana ugomvi haukauki. Hapa tunaeleza namna ya kuingia kwenye ugomvi huo na hoja inayoshika, na kutoka na maandishi yaliyorekebishwa badala ya akaunti iliyofungiwa.

Kabla hujabonyeza Hariri, weka hili akilini: usibishanie jiji, bishania sentensi. Ukiandika "makala hii ina upendeleo" umelalamika tu, hakuna wa kulifanyia kazi lalamiko lako. Ukiandika "sentensi ya pili ya aya ya tatu inasema jiji lina wakazi milioni sita, lakini chanzo kilichowekwa kinahesabu mkoa mzima", umempa kila msomaji kitu cha kukagua. Atafungua chanzo, ataona.

Kosa na upendeleo havitibiwi kwa dawa moja

Kosa ni la ukweli: mwaka, namba, jina, mahali. Upendeleo uko kwenye uzito, mpangilio na maneno, na unaweza kukaa ndani ya makala ambayo kila sentensi yake ni kweli. Kosa linaisha kwa chanzo kimoja kizuri. Upendeleo unakudai uonyeshe vyanzo kwa ujumla wake vinasemaje, na hapo ndipo jasho linapotoka.

Usivichanganye kwenye mada moja ya majadiliano. Ukichanganya, mwenzako atajibu lile jepesi ("mwaka nimesharekebisha, asante"), zito litabaki, na wapitaji watadhani mambo yameisha. Fungua mada mbili.

Takwimu: uliza mpaka kwanza

Ugomvi mwingi wa idadi ya watu ni ugomvi wa mipaka uliovaa nguo za hesabu. London ni mfano mzuri. Kuna City of London, kipande cha chini kidogo ya kilomita za mraba 3 ambacho sensa ya 2021 ilikikuta na wakazi wasiofika 10,000. Kuna pia London Kubwa, ambayo sensa hiyo hiyo iliihesabia watu wapatao milioni 8.8. Zote mbili huitwa London. Tokyo nayo ina watu kama milioni 14 ukihesabu eneo la utawala, na kama milioni 37 ukihesabu miji yote iliyoungana nayo.

Chongqing nchini China ndiyo huwanasa wengi. Manispaa hiyo ina kilomita za mraba takriban 82,400, karibu sawa na nchi nzima ya Austria, na sensa ya 2020 iliikuta na watu zaidi ya milioni 32. Ndani ya mpaka huo kuna milima, mashamba na miji midogo chungu nzima. Anayeandika kwamba ni "jiji kubwa kuliko yote duniani" amechukua namba sahihi akaibandika kwenye neno lisilolingana nayo. Usimwambie kwamba namba yake ni ya uongo, maana si ya uongo, na atakushinda. Mwambie ataje mpaka.

Kwa hiyo kila namba iulize mambo manne: ni mpaka upi, ni mwaka upi, nani amehesabu, na je, ni sensa au makadirio. Namba inayokosa jibu la hata moja ina walakini. Sentensi kama "jiji la pili kwa ukubwa" inadaiwa swali la tano: ukubwa wa nini?

Msongamano wa watu ni mahali pazuri pa kukamata makosa kwa sababu unaweza kupiga hesabu mwenyewe. Tuseme sanduku la habari (jedwali la takwimu lililo juu, pembeni ya makala) lina wakazi 1,200,000, eneo la kilomita za mraba 400, na msongamano wa watu 7,500 kwa kilomita ya mraba. Gawanya: 1,200,000 kwa 400 ni 3,000. Ile 7,500 imetoka wapi? Gawanya 1,200,000 kwa 7,500, unapata 160. Sasa tafuta kwenye vyanzo eneo lolote la kilomita za mraba 160. Aghalabu utakuta ni eneo lililojengwa tu, na mtu amegawanya wakazi wa mpaka mmoja kwa ardhi ya mpaka mwingine. Wikipedia inakataza utafiti wako binafsi, lakini hesabu nyepesi kama hii inaruhusiwa, alimradi kila anayesoma anaweza kuirudia akapata jibu lile lile.

Takwimu za uhalifu zinataka mkono mwepesi zaidi. Kawaida hutolewa kwa kila wakazi 100,000. Eneo la katikati lenye wakazi 40,000 likipata mauaji 12 kwa mwaka, kiwango ni 30. Mwaka unaofuata yakiwa 6, kiwango ni 15, na mtu ataandika kwamba "mauaji yamepungua kwa nusu" kana kwamba kuna sera iliyofanya kazi. Na katikati ya jiji mchana hujaa watu ambao hawalali hapo: huibiwa na kuhesabiwa kama walioibiwa, lakini hawamo kwenye idadi ya wakazi. Tena, jiji ambalo watu wanawaamini polisi hupokea taarifa nyingi zaidi, likaonekana baya kuliko jirani yake ambako watu hukaa kimya. FBI ya Marekani imekuwa ikiwaonya watu kwa miaka wasipange miji kwa madaraja kutokana na takwimu zake. Ukikuta makala ina orodha ya "miji hatari zaidi", hilo ni pingamizi lako la kwanza.

Hali ya hewa ni fupi: wastani unapaswa kuwa wa miaka 30, kwa sasa 1991–2020, na kituo cha vipimo kitajwe. Mara nyingi kituo kiko uwanja wa ndege, nje ya jiji.

Fungua chanzo, usiamini tanbihi

Tanbihi iliyowekwa vizuri humtuliza msomaji, na ndiyo hatari yake. Bonyeza. Tafuta sentensi husika, siyo mada husika. Kasoro inayojitokeza zaidi ni chanzo kinachozungumzia jambo hilo kwa jumla bila kusema kile kilichoandikwa. Ukiikuta, andika ukurasa na maneno ya chanzo kama yalivyo, kwa sababu utayahitaji kwenye majadiliano.

Kiungo kikiwa kimekufa, usifute sentensi kwa sababu hiyo peke yake. Nenda Wayback Machine ya Internet Archive, tovuti inayohifadhi nakala za kurasa za zamani, bandika anwani, chagua nakala iliyo karibu na tarehe ambayo mhariri alisema alikisoma. Ikipatikana, weka kiungo cha nakala hiyo kwenye tanbihi. Utajenga heshima kwa wahariri wengine kabla hujaanza kubishana nao.

Kisha kuna mzunguko, ambao mchoraji Randall Munroe aliuchekea kwenye katuni yake mwaka 2011. Mtu anaandika jambo lisilo na chanzo kwenye Wikipedia, mwandishi wa gazeti analinakili, halafu mhariri mwingine anaweka gazeti hilo kuwa chanzo. Namna ya kuukamata: fungua kichupo cha historia ya ukurasa, tafuta siku sentensi ilipoingia mara ya kwanza (zana iitwayo WikiBlame inakupekulia matoleo ya zamani), kisha linganisha na tarehe ya gazeti. Gazeti likiwa limetoka baadaye, na maneno yakifanana neno kwa neno, una hoja. Huna haja ya kuthibitisha kwamba habari ni ya uongo. Inatosha kudai chanzo kilichotangulia sentensi. Asili ya jina la jiji na tarehe ya kuanzishwa kwake ndizo sehemu ambazo mzunguko huu hupenda kujificha.

Hakuna chanzo kizuri kwa kila kitu. Tovuti ya halmashauri inafaa kwa jina la meya na idadi ya kata. Haifai kwa madai kwamba jiji ni safi. Gazeti linafaa kwa moto uliotokea jana, na ni dhaifu kwa mambo ya miaka mia tatu iliyopita, ambako unahitaji kitabu cha mwanahistoria. Na "mimi nimekulia hapo, najua" haina uzito wowote, hata kama ni kweli kabisa unajua. Itumie kama taa ya kutafutia chanzo: anayejua mtaa ulibadilishwa jina anajua pia atafute nini na wapi.

Upendeleo: pima, halafu sema

Chukua makala, hesabu maneno ya kila sehemu. Tuseme yote ina maneno 6,000 na sehemu ya uhalifu ina 1,500. Hiyo ni robo. Sasa fungua vitabu viwili vitatu vya jumla kuhusu jiji hilo, au makala ya ensaiklopidia nyingine, uangalie yaliyomo: uhalifu umepewa robo? Ukikuta umepewa kurasa chache kati ya mia tatu, una hoja yenye vipimo. Utaratibu wa Wikipedia unataka kila mtazamo upewe nafasi kwa kadiri ulivyo kwenye vyanzo vya kuaminika. Hautaki nusu kwa nusu, na wengi hukosea hapo: wanaongeza aya ya sifa ili "kusawazisha" aya ya lawama, makala inabaki na upendeleo wa aina mbili.

Kipimo hicho hicho kinafichua mengine. Tukio la mwezi jana lina aya nne, karne nzima ina moja. Historia inaanza siku wageni walipofika, kana kwamba walikuta pori tupu, huku vitabu vikieleza waliokuwapo. Picha za juu zote ni za maghorofa, au zote ni za mabanda. Utangulizi unataja jambo ambalo halimo popote chini. Utangulizi uchunguze kwa ukali kuliko sehemu zote, kwa sababu wasomaji wengi hawashuki zaidi ya hapo.

Upande wa maneno, chukua sentensi hii:

"Jiji hilo maarufu, lenye mandhari ya kuvutia, linajulikana kwa wakazi wake wakarimu, ingawa inasemekana usalama wake ni wa kutiliwa shaka."

"Maarufu" haina kipimo. Kama ni maarufu, makala yenyewe itaonyesha. "Mandhari ya kuvutia" ni maoni ya mtu asiyetajwa. "Wakarimu" imo kwenye makala za miji isiyohesabika. Hatujawahi kukutana na jiji ambalo wakazi wake wameandikwa kuwa wachoyo. "Ingawa" inafanya kazi ya siri, inamwambia msomaji kwamba cha mbele kinafuta cha nyuma. "Inasemekana" inaficha msemaji. Ukiondoa visivyo na mwenyewe, kinabaki kitu kimoja cha kuandikwa: polisi au mamlaka ya takwimu ilirekodi nini, mwaka gani, kwa kila wakazi 100,000, na wastani wa nchi ni ngapi mwaka huo huo. Kama chanzo hicho hakipo, hakuna sentensi.

Tazama pia vitenzi. Meya "alisema" na wapinzani "walidai" kwenye aya moja ni upendeleo wa bei rahisi. Wape wote "alisema".

Mwenye chuki na jiji si tatizo kubwa kama anavyoonekana. Matusi yake hutenguliwa upesi. Mwenye mapenzi ndiye kazi: anaandika vizuri, anaweka tanbihi, na sifa zake hukaa miaka bila mtu kuzigusa.

Majina

Jina la jiji likiwa na pande mbili, soma kwanza kumbukumbu za majadiliano ya zamani, maana karibu kila hoja utakayoleta imeshaletwa. Wikipedia ya Kiingereza ilipiga kura mwaka 2005 kuhusu Gdańsk, jiji la Poland: jina lake la Kijerumani, Danzig, litumike kwa habari za kati ya 1308 na 1945, na Gdańsk kwa vipindi vingine. Kuhusu Derry, jiji la Ireland ya Kaskazini ambalo wengine huliita Londonderry, walikubaliana makala ya jiji iitwe Derry na ya kaunti iitwe County Londonderry. Kila upande ulipata kitu na hakuna aliyefurahi sana.

Kyiv, mji mkuu wa Ukraine, ina somo la kazi. Maombi ya kuacha jina Kiev, linalotokana na Kirusi, yalikataliwa mara nyingi, hadi Septemba 2020 yalipokubaliwa. Hoja ya haki ya Waukraine kuchagua jina la mji wao ilikuwapo miaka yote. Kilichoongezeka ni ushahidi kwamba vyombo vya habari vya Kiingereza vilikuwa vimebadilika, shirika la habari la AP likiwa limebadili mwaka 2019. Ukitaka jina libadilike, kusanya matumizi kwenye vyanzo vya lugha ya Wikipedia hiyo, kwa miaka ya karibuni, na uyahesabu.

Ujumbe kwenye ukurasa wa majadiliano

Bonyeza Majadiliano juu ya makala. Kabla ya kuandika, chukua kiungo cha kudumu cha toleo unalolizungumzia, kwa kuwa makala itabadilika ugomvi ukiendelea na watu watakuwa wanabishania maandishi tofauti bila kujua. Kisha andika kwa namna hii:

"Aya ya pili ya sehemu ya Uchumi inasema: 'Bandari inaajiri nusu ya wakazi wa jiji.' Tanbihi ya 14 ni ripoti ya mamlaka ya bandari. Ukurasa wa 22 unasema nusu ya mizigo ya nchi inapita hapo. Kuhusu ajira sijaona kitu kwenye ripoti nzima. Napendekeza: 'Nusu ya mizigo ya nchi hupitia bandari ya jiji', kwa tanbihi hiyo hiyo. Kuna mwenye chanzo kuhusu ajira? Kama hakuna pingamizi kwa siku saba, nitabadilisha. ~~~~"

Tilde nne za mwisho ndizo saini. Mfumo unazigeuza kuwa jina lako na saa. Ujumbe huu unafanya kazi kwa sababu haumshtaki mtu, unaonyesha kosa lilivyozaliwa (mtu alisoma "nusu" akaichukua upande usio wake), na unaleta maandishi tayari. Mwenye kupinga anapaswa kuleta chanzo, siyo hasira. Usitaje uraia, kabila wala nia ya aliyeandika. Hata ukiwa na uhakika, mada itahama kutoka kwenye bandari kwenda kwako.

Kwenye Wikipedia zenye wahariri wachache, ikiwemo ya Kiswahili, swali laweza kukaa kimya muda mrefu. Tazama kwenye historia ni nani aliyeandika sentensi, umwachie ujumbe kwenye ukurasa wake wa majadiliano, na ukikosa jibu uliza ukurasa wa jumuiya au mmoja wa wakabidhi, yaani wasimamizi wenye uwezo wa kufunga akaunti na kulinda kurasa.

Ukitenguliwa

Usirudishe hariri yako. Umeshahariri, mwenzako ametengua, zamu inayofuata ni ya kujadili. Wikipedia ya Kiingereza ina sheria ya kutotengua zaidi ya mara tatu kwenye ukurasa mmoja ndani ya saa 24, na anayevuka hufungiwa hata kama ukweli uko upande wake. Watu huihesabu kama ruhusa ya mara tatu kwa siku. Si ruhusa, mkabidhi anaweza kukufungia kabla ya hapo akiona ni vita. Ukikuta ukurasa umelindwa kwa kiwango cha chini, kwenye Wikipedia ya Kiingereza unahitaji akaunti yenye siku nne na hariri kumi.

Mkiwa wawili tu na mmekwama, omba maoni ya mtu wa tatu. Mkiwa wengi, fungua ombi la maoni ya jamii, ambalo kwa kawaida hudumu siku 30. Swali la ombi liwe fupi na lisiegemee upande. "Je, tuendelee kuruhusu propaganda kwenye utangulizi?" litafungwa au kudharauliwa. "Je, utangulizi utaje kiwango cha uhalifu?" litajibiwa. Anayefunga mjadala hupima hoja, hahesabu vichwa, kwa hiyo kura kumi za "naunga mkono" bila sababu hushindwa na tatu zenye vyanzo. Kwa sababu hiyo hiyo, kuita marafiki kwenye kundi la WhatsApp waje kukupigia kura ni kujichimbia shimo: akaunti mpya kumi zikitokea siku moja kwenye makala moja kila mtu anaziona. Akaunti bandia za mtu mmoja nazo huchunguzwa kitaalamu na hukamatwa.

Kama unafanya kazi halmashauri, bodi ya utalii au kampuni ya uhusiano, usihariri makala ya jiji lako moja kwa moja. Jitambulishe, weka ombi kwenye majadiliano, mwache mwingine aingize. Kwa anayelipwa, kujitaja ni sharti la matumizi la Wikimedia, shirika linaloendesha Wikipedia, tangu 2014.

Kigezo (bango la juu ya makala) cha kuonya kwamba makala inabishaniwa kiweke pale tu ulipofungua mada inayoeleza tatizo ni lipi. Kisicho na maelezo kinaweza kuondolewa na yeyote, na atakuwa sahihi.

Mkikubaliana, ingiza maandishi, na kwenye muhtasari wa hariri weka kiungo cha majadiliano ili atakayekuja mwakani asianze upya. Ongeza ukurasa kwenye orodha yako ya maangalizi. Halafu ifuate namba uliyorekebisha kila inapoishi: sanduku la habari, utangulizi, orodha ya miji ya nchi hiyo, makala ya mkoa, makala za lugha nyingine, na Wikidata, hifadhi ya data inayotumiwa na Wikipedia za lugha mbalimbali. Ile ya Wikidata usiiache ya mwisho, kwa sababu kwenye Wikipedia nyingine sanduku huchota namba kutoka huko, na ya zamani itarudi yenyewe bila mtu kuandika kitu.